Kuku ale damu, mtoto ale dagaa

Swali ambalo wazazi wa Usoke wananiuliza sana siku hizi halihusu malaria wala kikohozi. Linahusu kuku. Wanataka kujua kama nyama ya kuku wa kisasa ni salama kwa mtoto, kwa sababu wamesikia kwamba kuku hao wanalishwa damu ya ng'ombe, mifupa na mabaki mengine ya machinjioni. Wapo walioacha kabisa kuwapa watoto wao nyama hiyo. Mama mmoja, mwenye mtoto wa mwaka mmoja na nusu aliyepungukiwa damu, aliniambia: "Daktari, bora ale ugali na mlenda kuliko kuku aliyekula damu."

Leo ninawajibu wote kwa pamoja. Kuku aliyelishwa damu safi, iliyopikwa ikaiva na kukaushwa, hamdhuru mtoto wako. Katika biashara hii ya chakula cha kuku mimi naogopa mambo mengine matatu: damu mbichi au ya mnyama aliyekufa, dawa zinazochanganywa kwenye chakula bila utaratibu, na dagaa wanaotoka kwenye sahani ya mtoto na kuingia kwenye gunia la chakula cha kuku. Hilo la tatu halizungumzwi, nalo ndilo ninaloliona zaidi kwenye mizani ya kliniki.

Kuku si mbuzi

Mwangalie kuku wa kienyeji anavyochakura uani. Anakula mchwa, funza, panzi, na akimpata mjusi mdogo hamwachi. Hakuna aliyemfundisha, ni maumbile yake. Kwa hiyo anayesema kwamba kumpa kuku kitu chenye asili ya mnyama ni kwenda kinyume cha maumbile, hajamtazama kuku vizuri. Hoja hiyo ina nguvu tukimzungumzia ng'ombe, na huko nitafika.

Kuku wa nyama hufugwa kwa wiki tano hadi sita tu kabla ya kuuzwa. Katika wiki za mwanzo chakula chake kinatakiwa kiwe na protini ya asilimia 20 hadi 23. Pumba za mahindi, ambazo ndizo tunazo kwa wingi, zina karibu asilimia 10. Mashudu ya alizeti yanaongeza, lakini yana makapi mengi na yana upungufu wa lisini, moja ya viini vinavyojenga protini. Ndiyo maana mfugaji anatafuta kitu cha kuziba pengo. Dagaa wakavu wana protini ya asilimia 55 hadi 65. Unga wa nyama na mifupa una karibu asilimia 50. Damu iliyokaushwa ina karibu asilimia 80, na lisini imejaa humo. Mifupa iliyochomwa ikawa jivu jeupe ni habari nyingine: haina protini tena, inampa kuku kalsiamu na fosforasi kwa ajili ya mifupa yake.

Damu ikiingia tumboni mwa kuku haibaki damu. Inasagwa na kuvunjwavunjwa mpaka inakuwa viini vidogo, kisha mwili wa kuku unavitumia kujenga nyama yake mwenyewe. Ni kama maharage uliyokula jana: hayakuoti msulini leo. Nyama ya kuku huyo haina damu ya ng'ombe ndani yake.

Kwa msomaji ambaye dini yake inakataza damu, swali lake ni zito na si la hospitali. Tabora ina Waislamu wengi tangu enzi za misafara, na wapo pia Wakristo wanaofuata miiko ya chakula. Mimi ninaweza kukwambia kinachotokea tumboni mwa kuku. Kuhusu kilicho halali, mwulize sheikh au mchungaji wako, na una haki ya kumwuliza muuzaji kuku wake alilishwa nini.

Na homoni je?

Wazazi wengi wanaamini kuku wa kisasa anakua haraka kwa sababu ya sindano za homoni, na kwamba ndiyo sababu mabinti wanaota matiti mapema. Tuliangalie hili kwa ushahidi. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Alberta, Canada, waliwafuga pamoja kuku wa mbegu ya mwaka 1957, ya 1978 na ya 2005. Waliwapa chakula kilekile katika mazingira yaleyale. Walipofikisha siku 56, kuku wa mbegu ya 1957 alikuwa na gramu 905. Wa 1978 alikuwa na gramu 1,808. Wa 2005 alifika gramu 4,202. Hapakuwa na sindano. Tofauti ilitokana na uteuzi wa mbegu, kizazi baada ya kizazi, kama mkulima anavyochagua mahindi yenye magunzi makubwa kwa ajili ya mbegu.

Tena homoni ya ukuaji ni protini. Ukiichanganya kwenye chakula, tumbo la kuku litaisaga kama linavyosaga dagaa. Kumdunga sindano kuku mmoja mmoja, kila siku, katika banda la kuku 500 ni kazi ambayo hakuna mfugaji ninayemfahamu angeiweza, wala isingemlipa. Binti yako akiota matiti kabla ya miaka minane, usimlaumu kuku. Mlete hospitali achunguzwe.

Damu gani, ya nani, na ilipikwaje

Sasa tuingie kwenye hatari ya kweli. Damu mbichi ni chakula kizuri cha bakteria. Ikikaa saa chache kwenye joto letu inaanza kuoza, na inzi wanaikuta kabla ya mfugaji. Salmonela wakiingia kwenye chakula cha kuku, wanaingia kwenye utumbo wa kuku, na siku ya kuchinja wanahamia kwenye nyama, kisu, kibao na mikono ya anayepika. Hawa si wale wa homa ya matumbo, ambao hutoka kwa binadamu mwenzako. Hawa wa kuku humletea mtu mzima mwenye afya kuharisha kwa siku chache, akapona. Kwa mtoto mdogo aliyedhoofishwa na malaria, utapiamlo, selimundu au VVU, wanaweza kutoka kwenye utumbo na kuingia kwenye damu. Mkoa wetu una malaria nyingi na una watoto wengi wenye upungufu wa damu. Ndiyo maana kwetu jambo hili si dogo.

Kwa hiyo, mfugaji, damu ichukuliwe machinjioni kutoka kwa mnyama aliyekaguliwa, ikingwe kwenye chombo safi, ipikwe siku ileile. Ichemshwe huku ikikorogwa mpaka yote igande, na iendelee kuchemka hadi saa moja. Ikamuliwe maji, itandazwe nyembamba juu ya turubai safi au chanja na si juu ya udongo, ianikwe mpaka ivunjike mkononi kama makombo, ndipo isagwe. Ikihifadhiwa na unyevu, itaota ukungu. Na usiizidishe. Protini ya damu ni nyingi lakini ina pengo, kwani kiini kimoja ambacho kuku anakihitaji ni kidogo mno ndani yake. Kilo tatu katika kila kilo 100 za chakula zinatosha. Ukiweka nyingi, kuku watadumaa badala ya kukua. Uwiano kamili wa mchanganyiko wako, kaa na afisa mifugo muupange.

Damu, nyama au mifupa ya mnyama aliyekufa mwenyewe isitumike kamwe, hata kama umeipika kutwa nzima. Ng'ombe aliyeanguka ghafla akatokwa na damu puani au mkunduni anaweza kuwa na kimeta. Mbegu za bakteria wa kimeta zinastahimili kuchemshwa kwa muda mrefu na zinaishi ardhini miaka na miaka. Kimeta kimeua watu na mifugo nchini mwetu. Mzoga wa namna hiyo haupasuliwi. Anaitwa afisa mifugo, kisha unafukiwa au kuchomwa. Vivyo hivyo, kuku waliokufa bandani wasisagwe wakarudishwa kwa wenzao.

Jambo jingine linawahusu wafugaji wenye ng'ombe na kuku katika boma moja. Mwaka 1986 Uingereza iligundua ugonjwa wa kichaa cha ng'ombe. Ulienea kwa sababu ng'ombe, mla majani, alilishwa unga wa nyama na mifupa ya ng'ombe wenzake. Mwaka 1996 nchi hiyo ilitangaza kwamba ugonjwa huo ulihusishwa na ugonjwa mpya wa ubongo kwa binadamu. Kisababishi chake hakifi kwa kupikwa. Mwaka 2001 Umoja wa Ulaya ulizuia karibu aina zote za protini za wanyama katika chakula cha mifugo. Mwaka 2021 ukaruhusu tena protini ya nguruwe kwa kuku na ya kuku kwa nguruwe, lakini inayotokana na ng'ombe bado hawajairuhusu hata kwa kuku, kwa sababu ya yaliyotokea katika makundi yao. Marekani inaruhusu unga wa ng'ombe kwa kuku na inaukataza kwa ng'ombe. Kuku wenyewe hawajaonekana kuugua kichaa hicho. Tunachojifunza ni hiki: chakula cha kuku chenye damu au mifupa asipewe ng'ombe, mbuzi wala kondoo, hata kama gunia limebaki nusu na nyasi zimekauka. Na ubongo na uti wa mgongo wa ng'ombe visiingie kwenye mchanganyiko.

Dawa ndani ya pumba

Hatari ya pili ni ya unga wa njano unaouzwa kwenye vipakiti vya dawa za mifugo. Mfugaji anaona vifaranga wamezubaa, ananunua antibayotiki bila kipimo wala ushauri, anaichanganya kwenye maji au chakula, anaona wamechangamka, basi anaendelea nayo mpaka siku ya kuuza. Mara nyingi dawa hiyo inafunika uchafu wa banda na wa chakula.

Kila dawa ya mifugo ina siku za kusubiri, yaani siku ambazo lazima zipite tangu kipimo cha mwisho mpaka mnyama achinjwe au mayai yaliwe. Zimeandikwa kwenye kibandiko. Zisipopita, mabaki ya dawa yanabaki kwenye nyama, na zaidi kwenye maini na figo. Kupika hakuyaondoi yote. Baya zaidi ni kwamba bakteria waliozoea dawa bandani hawabaki bandani. Serikali ilizindua mpango wa taifa wa kupambana na usugu wa vimelea vya magonjwa dhidi ya dawa kwa miaka 2017 hadi 2022, ukihusisha afya ya binadamu na mifugo kwa pamoja, kwa sababu dawa nyingi ni za ukoo mmoja. Tetrasaiklini unayompa kuku ni ndugu wa ile ninayompa mgonjwa. Siku mtoto wako atakapolazwa na bakteria wasiosikia dawa, hatutaweza kujua walianzia banda gani.

Kwa hiyo unaponunua kuku, swali la "alikula damu?" ni la pili. La kwanza liwe: "Dawa ya mwisho aliipata lini?" Mfugaji makini ana daftari na atakujibu. Asiyejua, nunua kwa mwingine.

Dagaa waliokwenda kwa kuku

Nimefika kwenye lile linaloniuma zaidi. Reli ya kati, iliyofika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914, ilifuata kwa sehemu kubwa njia ya zamani ya misafara iliyoelekea Ujiji. Usoke ipo juu ya reli hiyo. Dagaa wa Kigoma wanatupitia mlangoni, na wale wa Mwanza wanafika Tabora kwa reli na kwa barabara. Kwa nchi isiyo na ziwa, hiyo ni bahati kubwa. Hata hivyo, watoto ninaowapima wanakula ugali, mlenda na kisamvu, na dagaa wanawaona kwa nadra. Mama akiulizwa anasema wamepanda bei. Sehemu kubwa ya dagaa wa Ziwa Victoria siku hizi inakwenda kwenye chakula cha mifugo, na mwenye kiwanda hununua kwa magunia wakati mama ananunua kwa kopo.

Tupige hesabu. Kuku wa nyama hadi anauzwa hula karibu kilo tatu na nusu za chakula. Dagaa wakiwa asilimia 10 ya mchanganyiko, kuku mmoja amekula gramu 350 za dagaa. Kuku 100 wamekula kilo 35. Sasa mpe mtoto wa miaka miwili gramu 20 za dagaa wakavu kwa siku, yaani ngumi ndogo. Humo ana gramu 12 hivi za protini, karibu mahitaji yake yote ya siku, pamoja na kalsiamu ya mifupa anayotafuna, madini ya chuma na zinki. Kilo 35 ni sehemu 1,750 za namna hiyo. Banda moja la kuku 100, kwa wiki sita, limekula dagaa wanaowatosha watoto karibu watano kwa mwaka mzima.

Mfugaji atanijibu kwamba kuku naye ni chakula, na fedha yake inalipa ada na inanunua dawa. Ni kweli, na mimi simkatazi kufuga. Atasema pia kwamba dagaa wa kuku ni wa daraja la chini, waliovunjika na wenye mchanga. Mara nyingi ni kweli, na hao usimpe mtoto, kwa sababu walioanikwa kwenye mchanga na kunyeshewa hubeba uchafu na ukungu. Lakini kuku wengi wa hapa huuzwa mjini kwenye hoteli na vibanda vya chipsi. Mtoto wa mfugaji anawaona wakipanda gari. Na daraja la chini linakuwepo kwa sababu kuna soko linalolinunua. Mvuvi anayejua kwamba mzigo wenye mchanga utanunuliwa hana sababu ya kununua chanja.

Utafiti wa Demografia na Afya wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba watoto 30 katika kila 100 wa chini ya miaka mitano nchini wamedumaa, na zaidi ya nusu ya watoto wadogo wana upungufu wa damu. Mtoto aliyedumaa kabla ya miaka miwili harudishwi kwa urahisi, kimo wala akili. Wakati huohuo, damu ya ng'ombe na mbuzi tunaowachinja inamwagwa kwenye mtaro, inanuka, inavuta inzi na mbwa, na mvua ikinyesha inateremka kuelekea visimani. Tunamwaga protini ambayo wengi wetu hatuili, kisha tunamnyang'anya mtoto ile anayoila. Kilo tatu za damu iliyokaushwa zina protini sawa na kilo nne za dagaa. Zikiingia kwenye kila kilo 100 za chakula cha kuku, pamoja na mashudu na soya iliyokaangwa, dagaa wanaohitajika wanapungua karibu nusu.

Ninachoomba

Mzazi, usimnyime mtoto nyama ya kuku kwa kuogopa alichokula kuku huyo. Muulize mfugaji kuhusu dawa. Kuku mbichi usimsafishie kwenye beseni moja na kachumbari, osha kisu na kibao kwa sabuni, na pika mpaka maji ya nyama yawe meupe na karibu na mfupa pasibaki wekundu. Mtoto akitimiza miezi sita, nunua dagaa wazuri wasio na chumvi, chambua, osha mchanga kwa maji mengi, wapike, wakaushe kwenye kikaango, watwange, na tia kijiko kimoja cha unga huo kwenye uji wake au mboga yake kila siku. Kama unafuga kuku, tenga dagaa wa mtoto kabla hujachanganya chakula cha banda.

Mfugaji, tumia damu iliyokaguliwa na iliyoiva, andika tarehe za dawa, na usifiche unacholisha. Anayefichwa ndiye anayeanza kuogopa.

Halmashauri, Sheria Na. 13 ya mwaka 2010 inayosimamia nyanda za malisho na vyakula vya mifugo inawapa wajibu juu ya ubora wa chakula cha mifugo. Kazi ya kwanza ni ndogo: wekeni kwenye machinjio sakafu inayosafishika, pipa la kukinga damu, jiko la kuichemshia na chanja la kuianikia, na mkaguzi wa nyama awepo kila siku ya kuchinja. Kikundi cha vijana au akina mama kinaweza kuiendesha na kuwauzia wafugaji. Hapo mtaro utakauka, kuku watakua, na gunia la dagaa likishushwa stesheni ya Usoke, mama mwenye kopo atakuwa na nafasi ya kulifikia.

Mwandishi ni daktari wa binadamu.